Sanduku la Kwenda Mbarara

Kaisho, Desemba 1989

Mwanangu Kemilembe,

Barua huanza kwa kuulizia hali, lakini mimi asubuhi nimekuona ukimaliza sahani mbili za ndizi na maharage, kwa hiyo hali yako naijua. Yangu utaijua ukisoma. Sasa hivi uko Nyakatuntu kumuaga bibi yako, na atakuchelewesha, maana kila ukiinuka atakumbuka mtu mwingine wa kusalimiwa huko uendako. Nimekaa kwenye kiti cha marehemu mama yako kwa sababu changu kimelegea mguu. Kesho pikapu ya Murongo itapita mapema, na mimi mbele ya watu huwa sisemi la maana. Nitakuuliza kama umekunywa chai, basi. Ndiyo maana naandika. Nitakupa mkononi ukishapanda. Isome kabla hamjafika darajani pale mpakani, maana mengine humu ni ya pesa, na maneno ya pesa yakichelewa hayana kazi.

Sitakuambia usalimie wakubwa wala ulale mapema. Umemaliza kidato cha nne; kama hayo hujayashika, barua haitakusaidia.

Nianze na lililonikaa kooni. Jana nilikueleza, nikiwa nakamua ng'ombe ili usinione uso, kwamba mama yako mdogo Paskazia hajakuita kwa likizo tu. Ametuma maneno kwa Mama Yustina: mtoto aje apumzike, na akipenda abaki, shule iko karibu na nyumba yao, karo wataiangalia yeye na mumewe. Nikamalizia, "Utaona mwenyewe," kama mtu anayezungumzia mvua. Wewe ukasema, "Sawa, baba," ukachukua ndoo ukaenda kisimani. Ile "sawa" sijui ilikuwa ya kukubali au ya kuninyamazisha. Tangu hapo sijatulia. Kaka yako Deo yuko Kampala, mama yako amelala nyuma ya migomba, na ukiondoka wewe nyumba hii inabaki na mimi na ng'ombe. Naogopa, Kemilembe. Nimeandika neno hilo kwa kalamu ili nisilikane kesho.

Sasa mzigo. Nimekufungia mimi mwenyewe, kwa hiyo usishangae ukikuta soksi ndani ya kikombe. Nilichukua lile sanduku lako la bati la shuleni nikaanza kutia kila nilichokiona. Mama Yustina akaja kuangalia, kwa kuwa ndiye utakayesafiri naye. Unamjua, huyo ana miaka anavusha maharage na kurudi na sabuni. Safari ya Mbarara kwake ni kama kwenda shambani. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Deo, waitu! Huyu mtoto anakwenda likizo au anahamia?"

"Anakwenda likizo."

"Na sufuria ya nini? Paskazia hana sufuria?"

Nikamwambia sufuria ni ya tahadhari. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akapiga magoti mbele ya sanduku akaanza kutoa: sufuria, blanketi, vitabu vyako, cheti cha shule, sweta la pili, koti la mama yako. Akaacha magauni mawili ya kushinda nayo na moja la kanisani, kanga, sweta moja kwa sababu kule asubuhi kuna baridi, viatu vyako vyeusi, sabuni, na vidonge vya malaria ambavyo hutavikumbuka mpaka uugue. Akaniambia mgeni mwenye mzigo mkubwa huwatia wenyeji hofu, wanaanza kuhesabu vitanda. Hilo ni kweli. Nami nikanyamaza, lakini si kwa sababu aliyoidhani yeye, na nitakueleza.

Yale mambo ya kike ameyafunga yeye kwenye kitambaa cheupe. Sikuangalia. Mama yako angekuwepo, mimi nisingejua hata kama vitu hivyo vinauzwa.

Kwa Paskazia nimetia kahawa ya kutafuna, ile niliyochemsha na majani yake na kuianika mwenyewe, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Mpe mkononi siku ileile unayofika, usingoje akuulize. Yeye na mama yako walikulia kwenye nyumba ambayo mgeni hakuulizwa habari kabla hajatafuna punje mbili. Nimetia pia samli, na senene wa kukaanga. Mama Yustina akasema Mbarara senene wamejaa, wanauzwa barabarani. Nikamjibu hao si wa Kaisho. Akaniangalia kama mgonjwa, lakini hakuwatoa.

Nije kwenye pesa. Pale darajani watakuja vijana wenye mafungu ya noti mikononi, wanakuita dada kabla hujawaona. Usibadilishe zote. Badilisha za nauli ya kufika Mbarara na za kula njiani, nyingine utabadilishiwa na mume wa Paskazia dukani kwake, umekaa, huku umevua viatu. Kijana akikuhesabia haraka, mwache amalize, kisha zichukue uhesabu wewe taratibu, moja moja, ukizinyoosha. Wana mtindo wa kuikunja noti katikati, ikahesabika mara mbili, kichwa na mkia. Mimi nilihesabiwa hivyo mara ya kwanza, nikaona haya kurudia kuhesabu mbele ya watu, nikashukuru na kuondoka. Usione haya. Atakayekununia kwa kuhesabu pesa zako humfahamu na hutamwona tena.

Usizitembeze zote mahali pamoja. Za mkononi ziwe chache, ndizo utakazotoa mbele za watu. Nyingine ziko kwenye mfuko ambao Mama Yustina ameushona ndani ya shimizi, na huo sikuushona mimi, usicheke. Nauli ya kurudi nimeigawa: ya upande wa Uganda utaibadilisha ukifika uiweke pembeni, na ya kutoka Murongo mpaka hapa ni shilingi zetu, usiziguse kwa lolote, hata ukiona kitambaa kizuri namna gani. Utaviona vitambaa. Na ukiviona usifanye kama mimi. Tulipokwenda huko na mama yako, kabla hajaugua, kila duka nilisimama nikisema kwa sauti kwamba kwetu kitu hiki ni nusu ya bei hii, au kwetu hakipo kabisa. Mama yako akanivuta shati akasema, "Baba Deo, nunua au tuondoke. Wenye duka hawakutuita tuje kuwapa habari za Kaisho." Kwa hiyo nunua au ondoka.

Nyumbani kwa watu, siku za mwanzo wewe ni mgeni, kaa. Baada ya hapo shika ufagio bila kuambiwa. Ukiona sukari inaelekea kuisha, nunua, uiweke jikoni kimya kimya. Ukipewa pesa na mama yako mdogo, pokea kwa mikono miwili na useme asante, usianze kukataa kataa kama mnagombana. Lakini usimwombe. Na mimi usiniletee shati. Ninayo mashati ambayo sijayamaliza.

Sasa nikuambie kwa nini nasema usimwombe. Ulikuwa shuleni bwenini wakati huo, na mama yako hakutaka ujue.

Unakumbuka miaka ile sabuni ilipokuwa habari, watu wakifulia majani ya mpapai. Malipo ya kahawa yalikuwa yanachelewa, na ng'ambo walikuwa wanalipa papo hapo. Nami nilivusha, kama wengine. Usijifanye hukuniona nikirudi asubuhi na matope mpaka magotini. Nilikuwa nalipwa noti za Uganda. Wenzangu walinunua chumvi, sabuni na baiskeli wakarudi navyo. Mimi nilijiona mwerevu kuliko wao. Nikasema shilingi yetu inashuka kila siku, hizi za kwao nitaziweka, siku ya shida zitanitoa. Nikazisokota, nikazifunga kwenye kipande cha gome la mgomba, nikazichomeka kwenye nyasi za paa la jikoni, moshi uzilinde na mchwa. Tukala maharage bila chumvi huku pesa ziko juu ya vichwa vyetu. Mama yako akiomba kanga, namwonyesha paa. Ikawa utani wetu. "Kanga yangu iko juu," anasema, anageuza ndizi.

Alipougua tumbo lile, nikazishusha. Kwa dada yake kulikuwa na hospitali nzuri, nikaona huko ndiko pesa hizi zilikuwa zinangoja kwenda. Sikumwandikia Paskazia kwamba tunakuja na shida. Niliandika tunakuja kutembea. Tulivaa nguo za kanisani. Nilitaka shemeji zangu waone kwamba dada yao hakuolewa na maskini.

Dirishani pa kulipia niliingiza fungu langu lote linanuka moshi. Karani akachukua noti moja, akaigeuza, akamwita mwenzake. Hawakunicheka, na ingekuwa afadhali wangenicheka. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, umetoka wapi na hizi?" Nikasema Tanzania. Akasema, "Pole. Hizi zilishabadilishwa. Serikali ilitoa zingine, na siku za kubadilishia zilishapita." Nikamwambia ajaribu ile ya katikati ya fungu. Ndivyo nilivyosema, mwanangu, kama mtu anayechagua nyanya. Mama yako alikuwa kwenye benchi nyuma yangu, ameshika tumbo, anasikia kila neno.

Ndugu zangu niliovusha nao walijua. Huku kwetu habari ile ilipita, ilizungumzwa kwenye pombe ya rubisi, ilizungumzwa mnadani. Mimi sikuuliza mtu kwa sababu sikutaka mtu ajue ninazo. Pesa ya nchi ya watu ni kama mkungu ulioiva, ukiuficha unaoza palepale ulipouficha. Ndiyo maana nakuambia, ukibakiwa na za kwao mwisho wa likizo, zitumie au zibadilishe. Usije nazo nyumbani ukaziweka kwenye kitabu eti kwa safari nyingine.

Paskazia alikuja jioni hiyo akalipa. Alizitoa kwenye mkanda wa gauni lake la gomesi, akalipa matibabu, akalipa dawa, akatupa na nauli, kisha akaenda kupika. Hajawahi kulitaja. Si siku ile, si msibani, si kwenye maneno anayotuma. Mtu akikudai unaweza kumnunia. Huyu hakunipa hata hiyo nafasi. Tukiwa kwenye lori kurudi, mama yako alianza kucheka, taratibu, huku ameshika tumbo, akasema, "Baba Deo, kumbe tulikuwa tunafukizia makaratasi." Nikacheka naye. Tulicheka kuanzia Kikagati mpaka darajani. Alipata nafuu, akakaa nasi mwaka na kidogo, mengine unayajua.

Kwa hiyo Paskazia aliposema mtoto akipenda abaki, jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa baya. Niliwaza, amekuja kudai. Nilikwenda nalo shambani, nikalima nalo mistari miwili ya maharage, ndipo nikaona aibu. Yule mama hana binti, ana watoto wa kiume wanne wanaomaliza mkate bila kusema asante. Anataka mtoto wa dada yake. Ningekuwa yeye ningetaka pia.

Sasa lile la sanduku, la kunyamaza kwangu Mama Yustina alipokuwa anatoa vitu.

Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Kila alichokitoa nilikichukua nikakirudisha chumbani kwako. Vitabu kwenye rafu, koti la mama yako kwenye msumari, cheti chini ya godoro. Nikawaza, akitaka kubaki huko atahitaji cheti. Akihitaji cheti atakuja kukichukua. Akija, nitakuwa nimechinja kuku, na labda mvua itanyesha, barabara itaharibika, atakaa. Niliyapanga hayo yote nikiwa nimesimama na sweta lako mkononi.

Na nilishafanya hivyo kwa Deo. Alipoondoka baada ya msiba, alisema anakwenda Kampala kutembea mwezi mmoja. Nikamwambia baiskeli aiache, na lile koti jipya aliache, na vyeti vyake nitamtunzia, atavikuta. Niliviweka vizuri, baiskeli nilikuwa naipaka mafuta kila Jumamosi. Pasaka akaja. Nilimwona kutoka mbali anatelemka kilima, nikaita watu. Akala amesimama, anaangalia saa. Akaniuliza funguo ya kabati iko wapi. Kabla ya saa kumi baiskeli ilikuwa juu ya lori, imelala juu ya magunia, na yeye pembeni yake amevaa koti. Nilijiambia mwanangu alikuja kuniona. Nilijiambia hivyo wiki nyingi. Halafu siku moja nikiwa namenya ndizi nikaelewa kwamba alikuja kuchukua baiskeli. Nilikuwa nimemwekea sababu ya kurudi, akaimaliza. Hajarudi tena. Anatuma salamu na wafanyabiashara, nami natuma salamu, na ng'ombe anasikiliza.

Usinielewe vibaya kuhusu Deo. Ni mtoto mzuri. Aliona nyumba ina huzuni akakimbia, na mimi badala ya kumwambia nina huzuni, nilimnyang'anya baiskeli.

Tangu mama yako alipotutoka sijajifunza kupika ndizi za watu wawili. Huwa zinazidi, nawe unazila asubuhi zimepoa, husemi kitu. Za mtu mmoja sijui nitazikadiriaje. Jioni huwa nasikia unavyofungua mlango wa uani kwa kiwiko kwa sababu una ndoo mikononi, na bila kugeuka najua ni wewe. Mlango huo hakuna mwingine anayeufungua hivyo. Nakuambia haya si kwa kukuzuia. Nakuambia kwa sababu Deo sikumwambia.

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini, nikaenda chumbani kwako. Nimevitoa tena vyote. Vitabu nimevitia, cheti nimekifunga kwenye nailoni kisipate unyevu, sweta la pili, blanketi, koti la mama yako. Lina mikono mirefu kwako lakini utakua, au utakunja. Picha yako ya komunyo nayo nimeibandua ukutani. Sufuria nimeiacha, hapo Mama Yustina alisema kweli. Sanduku limekataa kufunga, nimelikalia, kisha nikalizungushia kamba ya katani. Mama Yustina akilalamika kesho mwambie ni amri ya baba, na gharama ya mzigo nimeshampa.

Ukikaa huko wiki chache ukaona ni shule nzuri na roho yako imetulia, baki usome. Usibaki kwa ajili ya zile pesa za hospitali. Hizo ni zangu na Paskazia, na namna yangu ya kuzilipa nitaitafuta mwenyewe. Ukiona hakukufai, rudi, nauli unayo, usingoje mtu akuruhusu. Nilitaka kuandika pia kwamba usirudi kwa kunionea huruma. Nimelifikiria, ni uongo. Ukirudi kwa kunionea huruma nitakupokea na nitachinja kuku.

Nasikia mbwa wa jirani, nadhani ni wewe unapanda na ile njia ya kisimani. Nimalize. Nimekagua chumba chako chote, nimeinama mpaka chini ya kitanda. Hakuna kitu chako kilichobaki humu ndani, hata kitana. Kwa hiyo siku nitakayokuona unashuka kwenye pikapu pale barabarani, nitajua umekuja kuniona mimi.

Ni mimi baba yako, niliyekuuliza asubuhi kama umekunywa chai.